Waya za Stima Karibu na Tangi la Gesi ya Samadi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo tunazungumza juu ya waya. Vikundi kadhaa vimejenga matangi ya gesi ya samadi, na stima nayo imefika. Sasa mnataka globu pale kwenye tangi, na pampu pia. Hebu tungoje kidogo.

Zaidi ya nusu ya gesi hii ni metheni. Ikichanganyika na hewa, kati ya sehemu 5 na 15 katika kila 100, cheche moja inatosha kuilipua. Na cheche si lazima muione. Ukibonyeza swichi, inaruka humo ndani.

Wachimba makaa ya mawe wa Wales, huko Uingereza, walijua hayo kwa uchungu. Tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi wa Senghenydd ulilipuka, wakafa wachimbaji 439. Kilichoshukiwa ni cheche kutoka waya za kengele ya kupeana ishara. Kengele tu, jamani! Baada ya hapo wataalamu wakapima ni nguvu kidogo kiasi gani ya stima isiyoweza kuwasha gesi, hata waya ikikatika au zikigusana.

Hivyo ndivyo kipima oksijeni kinavyofungwa viwandani mahali penye gesi. Kile kinachonusa hewa hukaa ndani, lakini waya zake hupitia kwanza kijisanduku cha kinga kilichowekwa nje, mahali salama. Humo mna fyuzi na vifaa vya kuzuia nguvu ya ziada na kuipeleka ardhini. Waya hizo, ambazo mara nyingi ni za rangi ya buluu, hazipiti katika bomba moja na waya za stima ya kawaida. Zikichubuka na kugusana, volti 240 zitaingia kwenye gesi bila kupitia kile kijisanduku, na kazi yote itakuwa bure. Fundi wa kufunga taa za nyumba, hata awe hodari namna gani, si lazima awe anaijua kazi hii.

Je, ukiwa na kipimo hicho umepona? Hapana, na hapa ndipo watu hudanganyika. Hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu 20.9 katika 100, na ikishuka chini ya 19.5 mtu haingii. Sasa piga hesabu. Metheni ikiwa sehemu 5, tayari kulipuka, oksijeni imeshuka hadi kama 19.9 tu. Kipimo kinasema sawa, kumbe tangi ni bomu. Kwa hiyo ni lazima gesi yenyewe ipimwe pia. Pua msiitegemee: ile gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza ikizidi, pua huacha kuisikia.

Kwa upande wetu, globu na swichi zikae mbali na tangi, tena si chini ya paa linaloweza kushika gesi. Tochi ya kawaida na simu zisipelekwe mdomoni mwa tangi. Kusafisha ndani waachiwe wenye vifaa. Mtu akianguka humo avutwe kwa kamba aliyofungwa kabla ya kushuka, na wa pili asimfuate. Wengi wamekufa wakienda kuokoa.

Fundi akija, mwulizeni kwanza kijisanduku cha kinga atakiweka wapi. Akishangaa kusikia swali hilo, mpeni chai aende zake, mtafute mwingine.