Kamera kubwa na miji yenye kuachwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba kwenye mukutano ya Lubumbashi)



Komite imeniomba niseme juu ya bapiga-picha benye kutembea na kamera kubwa ya miguu tatu. Banatafuta miji yenye kuachwa, na banataka memba babapeleke: Kipushi, Kambove, hata Shinkolobwe. Tukubali ao tukatale?

Tuanze na mashini yenyewe. Haina haraka. Filamu ni kipande kimoja kwa kila picha, kwa kawaida sentimita 10 kwa 12 na nusu. Mupiga-picha anajifunika kitambaa cheusi, anaangalia kioo, na ndani ya kioo nyumba iko kichwa chini. Anaweza kupandisha lensi bila kuinamisha kamera, kwa hiyo sheminé yetu ya Lubumbashi inabaki wima, hailali nyuma. Picha ikikuzwa unahesabu matofali, unasoma namba kwenye mulango. Ni kazi ya heshima, siicheki.

Lakini iko jambo. Ili kila kitu kionekane wazi, tundu ya lensi inafungwa sana, na mwangaza unaingia pole pole. Ndani ya nyumba ao asubuhi sana inaweza kuwa sekunde nyingi, hata dakika. Mama anapita na beseni ya mihogo, filamu haimukamati. Mutoto anakimbia, anapotea. Kinabaki paka ukuta. Halafu batu ya mbali banasema: tazama, muji ya mizimu!

Ilifika hata Marekani. Bafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, balipiga hivyo mabomoko ya Detroit, kitabu ikatoka 2010. Picha nzuri, kweli. Lakini mwaka ule ule hesabu ya serikali ilikuta Detroit batu zaidi ya 700,000. Benyeji bengi balikasirika, na mimi naona balikuwa na haki.

Kwetu ni vile vile. Mugodi ya Kipushi ilisimama 1993. Batu hawakusimama: balilima, baliuza makala, balizaa. Na 2024 mugodi ikaanza kutoa tena. Mwenye angeandika mwaka 2005 «hapa pamekufa» chini ya picha yake angesema uongo. Tena picha ya ukuta haisemi juu ya nini ukuta iko vile. Haisemi kama mwaka 2003 zaidi ya batumishi 10,000 ya Gécamines balitoka kwa mupango yenye kulipwa na Banki ya Dunia. Iliitwa kutoka kwa kupenda. Kupenda! Ninyi munajua posho ya bunga ilikuwa imekatika zamani, na mushahara vile vile.

Shinkolobwe ni habari ingine. Kule kweli batu baliondolewa, mwaka 2004, kisha udongo kuanguka na kuua bachimbaji. Ni jiwe ya kule ilitengeneza bomu ya Hiroshima. Kuingia ni marufuku, na jiwe ingali inatoa sumu yenye macho haioni. Kule nakatala. Hakuna memba wa kupeleka mutu kwa franga yoyote.

Kwa fasi zingine mimi nakubali, lakini kwa mufano ya mutoto ya hapa, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi 1978. Ndani ya kazi yake «Mémoire», ya mwaka 2006, alichukua picha ya mabomoko ya Gécamines, akaweka ndani batu ya picha za zamani: batumishi benye kujipanga, bakubwa ya wazungu. Kiwanda kikapata tena benye kukijenga.

Kwa hiyo tuombe hivi. Benye kuishi pale baulizwe mbele. Nyuma ya picha paandikwe avenue, namba na mwaka. Na kopi moja ibaki kwetu, kwa sababu bengi kati yetu tulirudia tukakuta nyumba ya baba bila mabati, ao na mutu mwingine ndani, na hatukuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha ilikuwa namna gani.

Kwa bafadhili: kamera hatuombi. Tunaomba skana moja na sanduku la chuma la kufunga.

Memba mwenye picha ya zamani alete kwa sekretere siku ya muchango. Itakopiwa na kurudishwa siku ile ile, hata kama imepasuka ao panya wameianza.