Jina Ubaoni: Aliyetumia Dawa Aandikwe?

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Ipogolo)



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie ubao. Kamati imependekeza uwekwe Ubao wa Heshima ya Michezo katika ukuta wa bwalo, na imetutaka tukubaliane jambo moja kabla fundi hajaanza kuchonga. Mwanamichezo aliyepatikana na dawa zilizokatazwa, jina lake liandikwe ama lisiandikwe? Nimesikia baadhi yenu mkiguna. Mnaona hilo ni swali la Wamarekani.

Ni kweli wao wanalo. Wana Jumba la Heshima la mchezo wa besiboli katika mji wa Cooperstown. Waandishi wa habari za michezo humpigia mchezaji kura, na asipopata asilimia 75 haingii. Barry Bonds alipiga mipira 762 ikavuka uzio, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia katika ligi yao kuu. Mwaka 2022, katika kura yake ya kumi na ya mwisho ya waandishi, alipata asilimia 66. Roger Clemens, mrushaji hodari, alipata 65. Kilichowanyima ni steroidi, dawa za kujenga misuli. Lakini ligi yenyewe haikuwahi kumwadhibu hata mmoja wao kwa dawa hizo. Mwaka uleule wakampitisha David Ortiz, ambaye mwaka 2009 gazeti lilimtaja kuwa yumo katika orodha ya waliopimwa na kuonekana na dawa mwaka 2003, naye akakana kutumia steroidi. Kwa maoni yangu wapiga kura wale walikuwa wakipima uvumi kwa kibaba, huyu akizidishiwa na yule akipunguziwa. Sisi tusifanye hivyo. Mtu asiyethibitishwa kosa lake tumwache.

Lakini kwa nini twende mbali? Tuvuke Namanga tu. Jemima Sumgong alishinda marathoni ya Olimpiki kule Rio mwaka 2016, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Mwaka 2017 alipatikana na EPO akafungiwa miaka 4, na mwaka 2019 kifungo kikafanywa miaka 8 baada ya kubainika kwamba katika utetezi wake alitoa nyaraka za uongo. Medali ya Rio anayo, kwa kuwa sampuli ilichukuliwa baada ya mbio zile. Na aliyekuwa wa pili, Eunice Kirwa wa Bahrain, naye mwaka 2019 akafungiwa kwa EPO hiyohiyo! Asbel Kiprop alikabidhiwa dhahabu ya mita 1500 ya Beijing 2008 baada ya Rashid Ramzi kunyang'anywa kwa sababu ya dawa. Miaka ikapita, na Kiprop mwenyewe akafungiwa miaka 4 kwa sampuli ya mwaka 2017, ingawa yeye alikana. Ruth Chepngetich alikimbia Chicago mwezi Oktoba 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Mwaka 2025 alifungiwa miaka 3 kwa dawa ya kukojoza, ambayo huweza kutumiwa kuficha dawa nyingine. Rekodi yake haikufutwa, maana iliwekwa kabla ya sampuli hiyo.

Jana pale stendi mwenzetu mmoja aliniambia, “Mbio alikimbia mwenyewe, dawa haina miguu.” Nimelala nalo neno hilo. Ni kweli haina miguu. Lakini kila aliyewahi kukimbia kutoka hapa Ipogolo kupanda mlima hadi mjini anapajua mahali pumzi inapokatika. Sote tumepainamia pale, mikono magotini. EPO hufanya kazi mahali hapohapo. Huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu nyingi, damu ikabeba oksijeni zaidi kuliko ilivyojaliwa. Aliyeidunga anapanda mlima mfupi kuliko wako, ila nyote mmeandikiwa kilometa zilezile. Na msidhani nyongeza ndogo si kitu. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu alipokuwa bingwa wa dunia wa marathoni, alimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilometa 42!

Wengine husema matokeo ni matokeo. Naam, na yana kitabu chake. Rekodi ya Chepngetich ibaki kitabuni, sheria imemwachia. Ubao wa bwalo ni mali yetu. Huutundika ili kijana wa kidato cha kwanza, akiwa amepanga foleni na sahani yake ya ugali, ainue macho aseme nataka kuwa kama huyu.

Mimi hunisumbua zaidi yule aliyekuwa nyuma. Boston mwaka 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alifika wa kwanza, Buzunesh Deba wa Ethiopia wa pili. Jeptoo alipatikana na EPO baadaye mwaka huohuo, na mwaka 2016 matokeo yake ya Boston yakafutwa, ushindi akapewa Deba. Fedha ya ushindi haikumfika. Miaka karibu kumi alingoja, hadi mwaka 2024 shabiki mmoja wa mbio alipotoa dola 75,000 mfukoni mwake akamlipa. Fedha hulipika. Ile siku ya kukata utepe mbele ya watu, ukavishwa taji la majani, nani atamrudishia?

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika ninapopaogopa. Baada ya kuondoka hapa nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya mkoa mwingine, jina nitalihifadhi. Mwaka mmoja tulikuwa dhaifu katika mita 1500, na uteuzi wa UMISSETA umekaribia. Nilimtafuta kijana aliyekuwa amemaliza shule miaka miwili nyuma, nikampa jezi na jina la mwanafunzi wetu. Mamluki, kama mnavyosema. Hakumeza dawa yoyote. Alishinda kwa hatua thelathini hivi. Nafasi ya kwenda mashindano ya juu ilikuwa moja, na mvulana wa shule ya jirani aliyekuwa wa pili akafunga kisanduku chake akapanda gari kurudi kwao. Jina lake silijui. Sikuliuliza. Kikombe kilikaa kabatini ofisini miaka yote niliyofundisha pale, na wageni walikuwa wakinipongeza.

Kijana niliyempa jezi simlaumu, alinitii mimi. Ndiyo maana naomba kanuni ya ubao isiishie kwa wakimbiaji. Daktari aliyedunga, kocha aliyejua akanyamaza, mwalimu aliyegushi orodha, wote wasiandikwe. Atakayethibitika baada ya kuandikwa, jina lichongwe upya bila yeye, na anayemfuata apande mahali pake na mwaka wake uandikwe.

Katika orodha mliyogawiwa asubuhi, namba 11, lipo jina langu kwa utumishi katika michezo ya shule. Namwomba Katibu alikate leo hii, mbele yenu, kabla orodha haijapelekwa kwa fundi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.