JUA LISIWEKWE LOTE KATIKA BETRI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumepewa heshima ambayo hatukuitazamia, ya kusimama mbele yenu katika siku hii ya furaha na kueleza jinsi tunavyoliendesha shamba letu kwa nguvu za jua. Sisi si mafundi, wala hatukusomea mambo ya umeme. Ni watu wa nyumba moja tu, wakulima wa kahawa na mboga, wafugaji wa kuku na ng'ombe wachache, katika mteremko wa Mbozi unaoshuka kuelekea mto Momba. Nguzo za umeme hazijafika kwetu. Twajua kwamba mradi wa kuunganisha umeme wa Tanzania na Zambia una njia kubwa ya kilovoti 400 itokayo Iringa na kupita Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, nasi twafurahi pamoja na wengine. Walakini waya mkubwa kupita juu ya bonde si sawa na waya mdogo kuingia katika banda la kuku, na mchicha haungoji.

Ndugu Katibu alipotualika alitutaka tuseme habari za faida. Tumemwomba ruhusa tuanze na hasara, kwa maana twaona wengi wenu mko karibu kuiingia hasara ile ile tuliyoingia sisi, tena kwa mkopo utakaokatwa katika fedha za kahawa.

Mwaka wetu wa kwanza tulinunua paneli, inveta na betri mbili za volti 12, kila moja ya ampea 100. Tulidhani kwamba mtu akiwa na betri amekwisha pata umeme kama wa mjini. Tukafunga taa za nyumbani, hazikutusumbua. Kisha mwezi wa Juni, baridi ya kipupwe ilipozidi, tukaleta vifaranga 200 na kuwawashia taa ya joto ya wati 250 usiku kucha. Hesabu ambayo hatukuifanya ni hii: wati 250 kwa saa 10 ni uniti 2.5 za umeme. Betri ya namna ile ina uniti 1.2, na haipasi kutoa zaidi ya nusu yake ikiwa mwenyewe anataka idumu. Basi betri zetu mbili, zikiwa na afya njema, zilikuwa na haki ya kutoa uniti 1.2 tu kwa usiku mmoja, nasi tukazidai zaidi ya maradufu. Usiku wa tatu taa ilizimika saa nane. Asubuhi tulikuta vifaranga wamelaliana katika pembe moja, na waliokuwa hai hawakufika 60. Betri zenyewe hazikumaliza mwaka wa pili. Deni lilimaliza.

Iko na hasara ya pili, ndogo kidogo. Paneli moja kati ya zile ilikuwa imeandikwa wati 200, tukainunua kwa bei ya wati 200, na katika jua la saa sita haikupata kutoa hata nusu ya hizo. Duka hatulitaji. Lakini tangu siku ile twaenda dukani na futi ya fundi seremala, na tungependa kila Chama cha Msingi kiwe na yake. Katika jua kali la mchana kila mita moja ya mraba hupokea nguvu zipatazo wati 1,000, na paneli nzuri za siku hizi huchukua sehemu moja katika tano, au zaidi kidogo. Kwa hiyo paneli ya wati 200 sharti iwe na upana wa karibu mita moja ya mraba. Mkiikuta ni nusu ya hapo, maandishi yake ni uongo, hata kama karatasi yake yang'aa namna gani.

Baada ya hasara hizo ndipo tulipokaa chini na kujiuliza swali ambalo lilipasa kutangulia: kazi za shamba zatakaje nguvu? Tukaona kwamba nyingi hazitaki umeme wa usiku hata kidogo. Bustani yataka maji. Maziwa yataka baridi. Vifaranga wataka joto. Na vitu hivyo vitatu, Ndugu zangu, kila kimoja chaweza kuwekwa akiba kwa umbo lake mwenyewe wakati jua lingali juu: maji katika tangi, baridi katika barafu, joto katika pipa. Betri tukaiachia taa, redio na simu.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoleta fedha. Kwetu mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili au karibu na hapo, na baada yake ardhi hukauka miezi sita. Ekari moja ya mboga iliyokwisha funika ardhi yataka maji ya kina cha milimita 5 kwa siku wakati wa jua kali, nayo ni karibu lita 20,000. Kuyapandisha maji hayo mita 30, tangu uso wa maji hadi mdomo wa tangi, ni kazi ya uniti 1.6. Pampu hupoteza yapata nusu ya nguvu inayopewa, basi hesabuni uniti 3.3. Jua letu la kiangazi laweza kuhesabiwa kuwa saa 5 kamili kwa siku, ingawa laonekana kwa saa nyingi zaidi. Kwa hiyo zatakiwa wati 650; mkiongeza kwa ajili ya vumbi, joto na waya, mtafika 900, yaani paneli tatu za wati 300. Hakuna betri katika hesabu hiyo. Jua likichomoza pampu huanza polepole, saa sita huenda kwa nguvu, jioni hunyamaza. Maji hulala katika tangi kilimani, na alfajiri tunafungua koki kabla ya jua kuyanyonya.

Yapo mambo madogo yanayoharibu kazi hiyo, nasi tumeyapitia yote. Bomba jembamba hula nguvu kama kilima kingine. Tulilitumia la inchi moja kwa kubana fedha, tukapata maji nusu, tukalibadili. Kivuli cha jani moja la mgomba juu ya pembe ya paneli chaweza kupunguza nguvu kupita ukubwa wa kivuli chenyewe. Na kwa kuwa sisi tuko kusini ya Ikweta yapata nyuzi 9, jua la Juni na Julai liko upande wa kaskazini, basi paneli zielekee kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Baridi ya Mbozi, ambayo huwaudhi wageni, kwa paneli ni baraka: zikipata moto sana hutoa umeme mchache, na hewa baridi yenye jua kali ndiyo izifaayo.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, twaomba kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. Wengi wetu tumelima vinyungu mabondeni, jembe likigusa ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za mto, na kila mwaka wako wanaong'olewa mazao yao. Zamani tulikuwa na udhuru, kwani nani angepandisha maji kwa ndoo hadi mita 60? Pampu ya jua imeuondoa udhuru huo. Sisi tumehamisha bustani yote juu, na kingo tumeziachia matete. Huo, kwa maoni yetu, ndio mchango mkubwa wa mashine hii, kuliko hata fedha ya mafuta tuliyoiokoa.

Lakini mashine hiyo hiyo ina hatari yake. Mwenye pampu ya petroli huizima mfuko unapouma. Pampu ya jua haidai kitu; huvuta tangu asubuhi hadi jioni, mwenyewe akiwa sokoni Tunduma. Tangi likijaa maji humwagika, na jirani wa chini hukosa. Tumeona mwaka mmoja kijito kimoja kikikauka mwezi wa Septemba, na watu wa chini wakaja kwetu na fimbo. Hawakuwa na makosa. Tulikuwa hatujafunga hata kizibo cha kuelea katika tangi. Tangu hapo tumekifunga, na tumeomba kibali cha kutumia maji kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inavyotaka. Kumbukeni tu kwamba mkoa wetu una mito miwili iitwayo Songwe. Ule wa kaskazini huingia Ziwa Rukwa, kama Momba; ule wa Ileje, ulio mpaka wetu na Malawi, huingia Ziwa Nyasa. Kila mmoja una Bodi ya Bonde yake, na mtu akipeleka ombi kwenye bodi isiyo yake atapoteza msimu.

Habari ya joto ni fupi. Hatuwashi tena taa kwa vifaranga. Tuna sanduku la kioo lenye mabomba yaliyopakwa rangi nyeusi, eneo lake mita 4 za mraba, na juu yake pipa la lita 200 lililofunikwa kwa pumba za mpunga na magunia. Maji yakipata moto hupanda yenyewe, ya baridi hushuka, bila pampu. Jioni twayateremsha katika pipa lililo ndani ya banda. Maji hayo yakianza na joto la digrii 60 na kupoa hadi 35, hutoa nguvu zipatazo uniti 6. Kuzipata uniti hizo katika betri za namna tuliyoiua zingehitajika betri kumi. Siku za mawingu hutuangusha, kwa hiyo jiko la mkaa bado liko pembeni, hatuoni haya kulisema.

Kahawa nayo ni kazi ya joto, na hapa hatuna jipya la kufundisha, maana babu zetu walianika kabla ya paneli kuzaliwa. Kahawa iliyooshwa hutoka na unyevu wa kama nusu ya uzito wake, nayo yapasa ishuke hadi 11 au 12 kwa mia. Kichanja kizuri cha wavu na mikono ya kuigeuza hufanya kazi hiyo bure. Aliyetushauri tununue mashine ya umeme ya kukausha kwa paneli tulimpa chai, tukamsindikiza.

Baridi ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kujifunza. Maziwa ya jioni yalikuwa yakiharibika kabla ya kufika barabarani asubuhi. Tulichofanya ni kuendesha friza la sanduku mchana tu, likigandisha chupa za maji. Ili kupoza lita 30 za maziwa kutoka joto la ng'ombe hadi digrii 4 zatakiwa kilo 12 za barafu kwa hesabu tupu. Sisi huweka 18, kwa sababu ya kile kinachopotea. Keni huwekwa katika pipa la maji pamoja na chupa hizo, na maziwa hukorogwa. Mboga na parachichi hazina haja ya friza. Twazihifadhi katika kibanda chenye kuta za wavu maradufu zilizojazwa mkaa, na maji ya tangi hudondoka juu ya mkaa huo. Hewa kavu ya Agosti ikipita hupoa. Mwezi wa Januari, hewa ikiwa na maji tele, kibanda hicho hakifai kitu, nasi hukitumia kuwekea majembe.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya kigeni na mapya. Mwaka 1913 huko Maadi, karibu na Cairo, Mmarekani Frank Shuman aliendesha mtambo wa mvuke kwa joto la jua, ukapandisha maji ya Nile kwenye mashamba; Vita Kuu ya 1914 ikaikomesha kazi. Miaka ya 1980 wakulima wa Meru, Kenya, walianza kununua paneli kwa fedha za kahawa na chai, na miaka ya 1990 mafundi wa Afrika Mashariki walikuwa wakifundishwa Karagwe, nchi ya kahawa kama yetu. Sisi wa Songwe tumechelewa, na faida ya kuchelewa ni kwamba bei imeshuka sana.

Ndugu Mwenyekiti, twasikia kwamba Bodi itazungumza habari ya mikopo ya sola kwa Vyama vya Msingi. Ombi letu ni hili. Mkopo wa pampu, tangi na bomba utolewe kwanza, kwa maana mboga za Septemba zitaulipa wenyewe. Betri kubwa zingoje, hata hizi mpya za lithiamu zinazodumu zaidi. Kabla ya fedha kutoka, mtu apime kimo cha maji kwa kamba, na eneo la paneli kwa futi. Na ombi la kibali cha maji lipelekwe na Chama kwa jina la wote walio katika kijito kimoja, wa juu na wa chini, wakiwa wamekwisha patana ni siku zipi kila mmoja atavuta. Mapatano yetu sisi na wale waliokuja na fimbo ni siku tatu kwa tatu, na Jumapili maji hupita. Karatasi yake tumeileta, na tumemkabidhi Ndugu Katibu ili mwenye kutaka kuinakili anakili.