Sumu Haichagui

Ndugu wasikilizaji, leo tuwatazame tai wawili ambao Muumba amewaweka katika nchi yetu. Furukombe, mwenye kichwa cheupe, hukaa mtini kando ya Ziwa Naivasha. Akiona samaki, hushuka akamnyakua kwa kucha. Pungu, mwenye mkia mfupi na uso mwekundu, huelea juu ya Tsavo kwa saa nyingi akitafuta mawindo na mizoga. Basi mfugaji akitia sumu katika mzoga ili amwue fisi, pungu naye hula akafa. Mwaka 2020 pungu alitangazwa kuwa hatarini kutoweka duniani. Wapenzi, fisi amekula mbuzi wetu, na uchungu wetu ni wa haki. Lakini sumu haichagui. Tujenge boma imara, na sumu tuiache dukani.