Kazi ya Wakataji wa Picha za Sinema
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Lamu)



Nimetakiwa niseme habari ya kazi ambayo wengi wetu hatuioni ikifanywa, ingawa matunda yake twayatazama kila siku. Ni kazi ya watu wanaoishika picha ya sinema baada ya wapigaji picha kufunga vyombo vyao na kuondoka.

Mfano uko hapa hapa. Picha iitwayo "Subira", ya Bibi Ravneet Sippy Chadha, ya mwaka 2018, ni habari ya msichana wa Lamu atakaye kuogelea baharini. Mwaka 2019 Kenya iliipeleka Marekani kushindania tuzo ya Oscar. Picha za namna hii zipigwapo hapa, mabaharia na wachukuzi wetu hupata kibarua cha siku chache. Kazi inayobaki ni ya miezi: kuchagua vipande, kuvikata na kuviunga, kusafisha sauti (punda wa Lamu akitaka kulia hangoji mtu amalize maneno yake), kutengeneza mlio wa nyayo na wa maji, kulinganisha rangi. Kazi hiyo huenda Nairobi au ng'ambo, na mshahara wake huenda nayo.

Sasa niseme juu ya sinema kubwa, IMAX, iliyoanza kuonyeshwa Osaka, Japani, mwaka 1970, kwa ufundi wa watu wa Kanada. Filamu ya kawaida ya dakika 90 ina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, yaani karibu kutoka mjini hadi Shela. Filamu ya IMAX ina upana wa milimita 70, hupita mashinani kwa ubavu, na kila picha moja huchukua matundu 15 mahali pa manne. Nakala ya "Oppenheimer" ya mwaka 2023, picha ya saa tatu, ilifika kilomita 18 karibu, na uzito wa kilo 270. Nendeni Shela na kurudi mara tatu mtajua ni filamu kiasi gani!

Siku hizi uchaguzi hufanywa kwa kompyuta, lakini picha chache kubwa bado filamu yake ya asili hukatwa kwa mkono. Mkataji akikosea mkato, picha iliyoharibika hairudi.

Huyu ni mtu wa mwisho katika msafara. Mvua ikichelewesha wapigaji picha, au tajiri akibadili shauri, siku ya kuonyesha haisogezwi. Masaa yanayopunguzwa ni ya mkataji. Kwa hiyo wenzetu wa Uingereza waliunda chama chao mwaka 1933, na wakataji wa Hollywood mwaka 1937. Mwezi wa Oktoba 1921 haukuwahusu. Nasema Oktoba 2021, wafanya kazi wa sinema wa Marekani wapatao 60,000 walipigiwa kura ya mgomo, na asilimia 98 ya kura zikakubali. Matajiri walipatana nao siku mbili tu kabla ya mgomo, na moja ya mapatano ni mapumziko ya saa 10 kati ya kazi ya siku moja na ya siku ifuatayo.

Kwetu vijana wengi hufanya kazi hii kwa kipande. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Tajiri mjanja humwita kijana "mkandarasi" ili sheria hiyo isimfikie. Basi kabla ya kugusa kipande kimoja, iandikwe: malipo ni kiasi gani, yatalipwa lini, marekebisho ni mangapi kabla ya kulipwa zaidi, na jina lake litaandikwa mwisho wa picha.

Mzee mmoja ameniuliza mwanawe aanzie wapi. Programu ya DaVinci Resolve ina toleo lisilolipiwa, linalokata picha, kusafisha sauti na kulinganisha rangi. Kompyuta yenye nguvu ndiyo ghali. Vijana wanne au watano waweza kuchangia moja.