Risala ya Mwenyekiti: Deni Letu kwa Mwenzetu



Miaka kumi si haba. Tulianza na sanduku moja na daftari moja. Lakini katika furaha hii liko deni ambalo hatujalilipa.

Mwenzetu mmoja alitokwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe, viwikoni, magotini na kichwani. Tukanong'ona. Wengine tulisema ni ukoma, wengine karogwa. Tukamtengea kikombe chake, na siku ya hisa tukaogopa noti alizoshika. Akaacha kuja.

Kumbe ni soriasisi. Alielezwa hospitalini, naye akatueleza sisi. Kinga ya mwili inakosea njia, ngozi inaota haraka kupita kawaida, ndipo magamba yanajaa. Hauambukizi kwa kikombe, kwa mkono wala kwa noti. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, kuhimiza wagonjwa wasinyanyapaliwe.

Jambo la pili lilitugusa wengi: uzito. Mafuta yaliyozidi mwilini, hasa ya tumboni, hutoa kemikali zinazochochea moto ule ule unaoisumbua ngozi. Kwa hiyo mtu mnene ana hatari zaidi ya kuupata, na akiwa nao humtesa zaidi. Naye mgonjwa, viungo vikiuma na aibu ikimfungia ndani, hatembei, basi anazidi kunenepa. Kisukari na ugonjwa wa moyo navyo viko karibu. Wembamba nao huugua, tusimnyooshee mtu kidole.

Sisi wa Singida alizeti ni yetu, na mafuta tunamimina. Mtu akinenepa tunamsifu kwamba anatunzwa. Mikutano yetu ilikuwa maandazi na soda. Sasa ni maji na matunda. Mwenzetu alipunguza uzito taratibu huku akitumia dawa za hospitali. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini mabaka yamepungua. Msikimbilie dawa za mnadani. Wataalamu wa ngozi tunao. Kule Moshi, KCMC, wanafundishwa tangu 1992.

Dada yetu, mbele ya wageni hawa tunasema: tulikukosea, utusamehe. Kikombe kile hakipo tena. Na wageni mjue, funguo za sanduku letu ni tatu, moja anayo yeye.