Baada ya Kura Kuhesabiwa: Mahabharata katika Vazi la Siasa ya Leo



Tumeombwa kueleza jambo ambalo kwa miezi kadhaa limezua mabishano katika ua wa hekalu, na hata katika baadhi ya nyumba zetu. Vijana waliomba ruhusa ya kuigiza Mahabharata katika kumbukumbu hii. Hakuna aliyepinga, mpaka muswada ulipowasilishwa. Ndani yake hapakuwa na upinde wala taji. Palikuwa na magari meusi, simu zinazosikilizwa kwa siri, mikutano ya hadhara na masanduku ya kura. Baadhi ya wazee walisema huo ni utovu wa heshima kwa kitabu kitakatifu. Mmoja aliuliza kama Arjuna naye atavaa suti. (Atavaa.) Sisi tuliokabidhiwa kuusoma muswada huo ndio tunaosimama mbele yenu leo.

Kwa majirani zetu, tuseme kwa ufupi kwamba Mahabharata ni kisa cha ukoo mmoja wa kifalme wa Hastinapura. Upande mmoja wako Wapandava, ndugu watano. Upande wa pili wako Wakaurava, ndugu mia moja, watoto wa baba yao mkubwa. Wanagombania kiti. Ugomvi huo unaishia katika uwanja wa Kurukshetra, kwa vita vya siku 18.

Tulipoanza kusoma, tulikusudia kuonyesha jinsi vijana walivyokiharibu kitabu. Tulirudi kwenye kitabu chenyewe ili tupate ushahidi, na huko ndiko tulikoanza kushindwa. Tazameni kisa cha nyumba ya lakiri. Duryodhana anawajengea Wapandava jumba zuri katika mji wa Varanavata, kuta zake zimejazwa lakiri na vitu vishikavyo moto upesi, na ndani ameweka mtu wake, Purochana, asubiri usiku wa kuliteketeza. Vidura, ami yao, anapata habari. Hawezi kusema waziwazi mbele ya watu, kwa hiyo anamwonya Yudhishthira kwa mafumbo ambayo wengine hawayaelewi, kisha anamtuma mchimbaji atoboe njia ya chini kwa chini. Mpelelezi, ujumbe wa siri, njama ya moto, handaki: vijana wetu wangeongeza nini hapo?

Au chukueni habari ya Ashwatthama. Drona hashindiki vitani. Basi Bhima anamuua tembo mwenye jina sawa na la mwana wa Drona, kisha Yudhishthira, mtu asiyesema uongo, anamwambia mwalimu wake kwamba Ashwatthama amekufa, na lile neno la tembo analitamka kwa sauti ya chini. Drona anaweka silaha chini, naye anauawa. Kitabu kinasema gari la Yudhishthira, ambalo siku zote lilielea vidole vinne juu ya ardhi, siku hiyo liligusa udongo. Katika muswada wa vijana, tukio hilo limekuwa taarifa ya nusu ukweli inayosambazwa usiku wa kuamkia uchaguzi. Hatukuona sababu ya kuifuta.

Wala vijana hawa si wa kwanza. Nchini India kwenyewe, mwaka 1981, Shyam Benegal alitengeneza filamu ya Kalyug, akaugeuza ugomvi wa ukoo huo kuwa ushindani wa familia mbili za wenye viwanda. Mwaka 1989 Shashi Tharoor aliandika riwaya iliyouvika Mahabharata historia ya siasa za India ya karne ya 20. Na mwaka 2010 Prakash Jha alitoa Raajneeti, filamu ambayo vijana wetu wameitazama mara nyingi kuliko walivyosoma Gita, nasi tunalisema hili bila kuwalaumu, kwani wengi wetu tuliifahamu Mahabharata kupitia mfululizo wa televisheni wa B. R. Chopra na si kupitia Kisanskriti.

Filamu hiyo ya Jha ndiyo iliyotufungua macho. Mashujaa wake ni wanasiasa. Karna anaitwa Sooraj, amelelewa na dereva wa familia, kama vile Karna wa kale alivyolelewa na mwendesha gari la farasi. Mama aliyemzaa anamwendea na kumfunulia siri, naye anakataa kumwacha rafiki aliyemheshimu wakati wengine walipomdharau. Hapo filamu inakifuata kitabu vizuri mno. Lakini uchaguzi unapokwisha na maadui wanapouawa, filamu nayo inakaribia kwisha. Mmoja anapewa kiti, mwingine anasafiri kurudi ng'ambo, na watazamaji wanaondoka. Muswada wa vijana wetu ulimalizika vivyo hivyo: matokeo yanatangazwa, ngoma zinalia, pazia linashuka.

Mahabharata haiishii hapo. Ina vitabu 18. Vita na shambulio la usiku linalovifuatia vinamalizika katika kitabu cha 10. Vinabaki vitabu 8 vizima. Aliyekitunga aliona kwamba kueleza kilichofuata ushindi kulihitaji nafasi kubwa, na mojawapo ya vitabu hivyo 8, Shanti Parva, ndicho kirefu kuliko vyote. Kitabu cha 11 ni cha wanawake. Gandhari, mama wa wana mia moja, anatembea uwanjani kati ya maiti. Kisha wote wanashuka mtoni kuwamiminia maji marehemu, na hapo Kunti anawaomba wanawe wammiminie Karna pia, kwa sababu alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Yudhishthira anajua siku hiyo kwamba amekipata kiti kwa kumuua kaka yake. Hakitaki tena. Hoja za kumshawishi akikalie zinajaza kurasa na kurasa.

Tukawaita vijana tukawaambia: suti hatuzikatai. Tunachokataa ni kwamba mmefunga kabla ya maji.

Walibishana nasi, na ni haki yao. Walisema watu hawatakaa kutazama kilio baada ya msisimko. Ndipo mmoja wetu alipouliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu: katika nyumba ya lakiri, kwa nini Duryodhana aliamini kwamba Wapandava wamekufa? Kwa sababu asubuhi zilionekana maiti 6. Mwanamke wa Kinishada, watu wa msituni, alikuja na wanawe watano katika karamu ya Kunti, wakala, wakanywa, wakalala humo humo. Wapandava walipotoroka, hao walibaki. Kitabu hakiwapi majina. Mwandishi wa Kibengali Mahasweta Devi aliandika hadithi akamkutanisha Kunti mzee na mwanamke wa Kinishada anayemkumbusha moto ule. Katika kisa cha kusisimua, watu hao 6 ni hila tu iliyofanikiwa. Katika muswada wa kwanza walikuwa mstari mmoja, nao ulichekesha.

Jirani yetu mmoja, mzee wa kutoka Lamu, alikuwa ameketi barazani akitusikiliza. Alitukumbusha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani, aliyechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe aliyehongwa kwa ahadi. Liyongo alipiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa hivyo hivyo. Watu wa mji walimdhani yu hai, wakaogopa kuteka maji, mpaka mama yake alipoletwa ambembeleze. Mzee akasema, "Wanangu, hata kwetu hadithi haikuisha kwa sindano. Iliisha kwa mama, na watu wenye kiu." Kisha akaomba chai.

Vijana waliondoka na muswada wakarudi baada ya wiki mbili. Sasa lipo tukio baada ya matangazo ya matokeo. Mshindi yuko ofisini, simu zinalia, hapokei. Mama yake anaingia na chombo cha maji na kulitaja jina la adui aliyezikwa jana. Nyuma yao, upande wa giza wa jukwaa, anasimama mwanamke na wavulana watano. Tuliuliza kwa nini ukurasa wao hauna maneno. Msichana aliyeuandika, ambaye hana zaidi ya miaka 17, alijibu kwamba kitabu hakikuwapa hata jina, naye hakuthubutu kuwatungia.

Ruhusa ilitolewa siku hiyo hiyo. Mzee aliyeuliza habari za suti ndiye aliyewaazima vijana kile chombo cha shaba, ambacho mama yake alivuka nacho bahari akija huku. Mchezo unaanza leo saa moja jioni, katika ukumbi wa nyuma. Majirani zetu, viti vya mbele ni vyenu.